Wakili, Nimefutwa Kazi kwa Simu: Majibu ya Barua Zenu

Barua za safari hii zimetoka Diani, Changamwe, Nyali, Likoni na kwingine Mombasa, Kilifi, Malindi na Nairobi. Nimezifupisha, na majina ya watu na ya waajiri nimeyaondoa. Sheria ninayoizungumzia ni ya Kenya, hasa Katiba ya 2010 na Sheria ya Ajira ya 2007, maana ndizo tunazosimama nazo kila wiki katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hapa Mombasa.

Miaka sita nimepika katika hoteli moja. Jumapili usiku meneja akaniandikia kwenye WhatsApp nisirudi kazini kwa sababu "kuna malalamiko". Jumatatu nikaitwa nitie saini karatasi ndipo nilipwe siku nilizofanya. Niitie? (Mpishi, Diani)

Kaka, usiitie bado. Omba nakala, ondoka nayo, mtafute mtu anayejua sheria akusomee. Karatasi za namna hiyo huwa na mstari mmoja mdogo mwishoni: kwamba umepokea haki zako zote na huna dai lolote tena juu ya mwajiri. Mahakama ya Rufani imekwisha sema kuwa mtu aliyetia saini kwa hiari yake, akielewa alichotia, amefungwa na saini hiyo, isipokuwa athibitishe kwamba alidanganywa au alishurutishwa. Kulithibitisha hilo ni kazi ngumu. Nimewaona watu wenye kesi nzuri wakikwama hapo hapo, kwa saini waliyoitia kwa dakika mbili juu ya meza ya mapokezi huku wakiwaza kodi ya nyumba. Tena pesa za siku ulizofanya ni jasho lako. Mwajiri anatakiwa azilipe hata kama amekufukuza papo hapo kwa kosa kubwa. Hana ruhusa ya kuzifanya chambo.

Sasa tuje kwenye ujumbe wenyewe. Kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, kwa kutomudu kazi au kwa maradhi, mwajiri lazima amweleze jambo lenyewe kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha awasikilize wote wawili. Asikilize kwanza, aamue baadaye. Hata anayetuhumiwa kosa kubwa ana haki hiyo. "Kuna malalamiko" si maelezo. Malalamiko ya nani, ya siku gani, kuhusu chakula kipi? Mkifika mahakamani, mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha sababu, na akishindwa, kufutwa kwako kunahesabiwa kuwa hakukuwa kwa haki.

Fidia haizidi mishahara ya miezi 12, mbali na malipo ya notisi na ya likizo ulizodai. Akija mtu kukuahidi kwamba utapata miezi 12 kamili, mwogope. Jaji hupima miaka uliyofanya, mwenendo wako mwenyewe, na uwezekano wako wa kupata kazi nyingine, na wengi huondoka na pungufu ya hapo.

Huo ujumbe usiufute. Alikuja ofisini mama mmoja na simu iliyopasuka kioo, ameifunga kwa mpira wa manjano. Ndani yake mlikuwa na maneno manne: "Kesho usije. Tumepata mwingine." Umetumwa saa tatu na dakika arobaini na saba usiku. Mwajiri wake alijibu mahakamani kwamba mama huyo alitoroka kazi. Tukauchapisha ule ujumbe, tarehe na saa zikionekana, tukaambatanisha cheti ambacho Sheria ya Ushahidi inakitaka kwa ushahidi wa kielektroniki, kinachoeleza umetoka simu gani na umechapishwaje. Hadithi ya kutoroka ikaishia pale. Kwa hiyo piga picha ya skrini, umtumie mtu unayemwamini, na simu yenyewe usiiuze.

Nina miaka minne kwenye godauni moja, nalipwa kila Jumamosi. Kila mwisho wa mwezi tunapumzishwa siku mbili halafu tunaitwa tena. Msimamizi anasema sisi ni vibarua, hatuna likizo wala notisi. Ni kweli? (Mpakiaji, Changamwe)

Si kweli, na hizo siku mbili za kupumzishwa nazijua sana. Zinawekwa ili ionekane kila mwezi mmeajiriwa upya.

Sheria inamtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, anageuka mfanyakazi wa mwezi, na haki zake zinageuka pia: notisi, siku ya mapumziko kila wiki, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Majaji hutazama uhusiano wote wa miaka minne, hawaishii kwenye zile siku mbili. Lakini angalia jinsi unavyolipwa. Kama ni kwa gunia au kwa kontena mliloshusha, hiyo ni kazi ya vipande, ambayo sheria inaieleza mbali na kibarua, na kesi yake ni ngumu zaidi kushinda.

Najua huna mkataba. Kuuandika ni wajibu wa mwajiri, na akishindwa kuutoa mahakamani, yeye ndiye anayebeba mzigo wa kukanusha masharti unayoyadai. Wewe kusanya ulichonacho: taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo ya kila Jumamosi, rekodi zako za NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), picha ukiwa na fulana ya kampuni, ujumbe wa msimamizi wa kukuitia shifti. Mteja wetu mmoja alikuwa na daftari la shule, kurasa zimejaa mafuta, ameandika nambari ya kila lori aliloshusha na tarehe yake. Daftari lile lilitufaa kuliko shahidi yeyote tuliyempeleka.

Nafanya kazi za nyumbani. Mama mwenye nyumba ameshika kitambulisho changu, hufunga geti akitoka, na hunikata mshahara nikivunja sahani. Sasa anasema mkufu wake umepotea na ataniitia polisi. (Dada wa kazi, Nyali)

Mwanangu, nianze na polisi kwa sababu hilo linaweza kutokea leo. Wakikukamata, Katiba inawataka wakueleze sababu kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza na ya kuzungumza na wakili, na hakuna anayeweza kukulazimisha ukiri. Wanatakiwa wakufikishe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata kama muda huo umeangukia wikendi au sikukuu. Usitie saini maelezo usiyoyasoma. Mpe ndugu yako jina la kituo na nambari ya OB, yaani daftari la matukio la polisi. Na ikiwa baadaye itabainika kwamba ulishtakiwa kwa hila, unaweza kudai fidia kwa dhuluma hiyo. Lakini dai la namna hiyo dhidi ya serikali lina muda wa miezi 12 tu, kwa hiyo usilale.

Tuje nyumbani. Sheria ya Ajira inakulinda wewe sawasawa na karani wa benki. Kuna kima cha chini cha mshahara kinachotangazwa kwa kazi yako, na Mombasa imo katika kundi la miji yenye kiwango cha juu. Una siku moja ya mapumziko katika kila saba. Kuhusu sahani, mwajiri anaruhusiwa kukata kiasi cha haki kwa mali uliyoiharibu kwa kusudi. Sahani iliyokuponyoka na sabuni mkononi haimo humo. Kitambulisho ni chako, na kumfungia mtu mzima ndani hadi mwenye nyumba arudi ni kumnyima uhuru wake. Hapo jambo limevuka mpaka wa ajira likaingia kwenye Katiba, kifungu cha 29 kinacholinda uhuru na usalama wa mtu. Nenda leba, ofisi ya afisa wa leba, ama uende FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, ambao wana ofisi Mombasa na kesi za wasichana kama wewe wanazijua. Kama huwezi kutoka, mpe jirani ujumbe apige simu kwa niaba yako. Nakuomba usingoje hadi mwisho wa mwezi.

Nilipoenda likizo ya uzazi waliajiri mwingine. Nimerudi naambiwa nafasi yangu "imefanyiwa mabadiliko" na nikubali kazi ya mshahara wa chini. (Mhasibu, Kilifi)

Likizo ya uzazi ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, na sheria inasema ikimalizika unarudi kwenye kazi uliyoiacha, au nyingine inayokufaa ambayo masharti yake si mabaya kuliko ya ile ya kwanza. Mshahara wa chini ni masharti mabaya, hakuna namna nyingine ya kuusoma. Ujauzito umetajwa kwa jina katika orodha ya mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwayo, pamoja na dini, kabila, lugha, ulemavu na mengineyo. Ukidai ubaguzi, mwajiri ndiye anayethibitisha kwamba haukuwepo.

Jambo moja wanawake wengi hawaambiwi: fidia ya ubaguzi si lazima ihesabiwe ndani ya ule ukomo wa miezi 12. Mahakama inaweza kuitoa peke yake, kwa kuwa haki iliyovunjwa ni ya usawa iliyomo katika kifungu cha 27 cha Katiba. Kwa hiyo dai lako liandikwe hivyo tangu mwanzo. Kwa sasa mjibu mwajiri kwa barua: uko tayari kurudi kwenye kazi yako, na hukubali kupunguziwa mshahara. Ukianza ile kazi ya chini kimya kimya, watasema uliikubali.

Nimeambiwa nipime virusi vya ukimwi ndipo niajiriwe. (Kijana, Malindi)

Hawana haki. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti ukimwi inakataza kumlazimisha mtu apimwe ili apate kazi, na kuna baraza maalumu la kusikiliza malalamiko ya aina hii. Waombe wakuandikie sharti hilo. Mara nyingi wakitakiwa kuliandika huliondoa.

Nakagua video za mtandaoni, zile za mauaji na ukatili. Mkataba ni wa kampuni ya Nairobi lakini kazi yenyewe ni ya kampuni ya Marekani. Nikidhulumiwa namshtaki nani? (Mkaguzi, Nairobi)

Huenda wote wawili. Mwaka 2022 mkaguzi mmoja kutoka Afrika Kusini, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, aliishtaki Meta, wenye Facebook, pamoja na Sama, kampuni iliyomwajiri. Alidai mazingira ya kazi yalimwumiza akili na kwamba alifutwa kwa kujaribu kuwaunganisha wenzake. Meta ikajibu kuwa haina makazi Kenya, basi mahakama za Kenya haziwezi kuigusa. Februari 2023 jaji akakataa kuitoa kwenye kesi. Mwaka huo huo wakaguzi zaidi ya 180 wakafungua kesi yao, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikazitupa rufaa za Meta.

Uamuzi huo ulihusu mlango tu, madai yenyewe yalibaki ya kuthibitishwa. Hata hivyo ni mlango ambao wengi walidhani hauwezi kufunguka, na binafsi naona ni miongoni mwa maamuzi makubwa ya kazi yaliyotolewa nchini katika miaka hii. Wewe andika kwa kumbukumbu zako: nani anakupangia idadi ya video kwa siku, nani anakutathmini, mfumo unaoingia ni wa nani. Data za kampuni usizinakili, utawapa wao kesi dhidi yako. Na kama hulali, nenda hospitali sasa, upate matibabu na rekodi yake.

Nilifutwa Machi 2020. Tumekuwa tukizungumza na mwajiri miaka yote hiyo, akiahidi atanilipa. Bado naweza kushtaki? (Dereva, Mombasa)

Inaniuma kukujibu hivi, lakini muda umekwisha. Madai ya mkataba wa kazi yana miaka mitatu tangu siku ya kufutwa, na mahakama imesema mara nyingi kuwa haina uwezo wa kuuongeza. Mazungumzo hayasimamishi saa. Hata kesi ikiwa kwa afisa wa leba, hesabu inaendelea. Nimeona mtu amechelewa kwa siku nne. Mwajiri wake alikuwa akimwita chai kila mwezi, "tunalimaliza, tunalimaliza", na siku ya tano simu ikawa haipokelewi tena. Wengine mnaosoma hapa, chukueni kalenda sasa hivi muandike tarehe mliyofutwa.

Mawakili ni ghali. Nasikia Marekani wakili halipwi mpaka ashinde. Kwa nini hapa isiwe hivyo? (Mwashi, Likoni)

Kwa sababu Sheria ya Mawakili hairuhusu. Makubaliano ya kulipwa pale tu kesi ikishinda hayana nguvu Kenya, kwa hiyo madalali wanaowafuata mlangoni mwa mahakama na ahadi hiyo muwaepuke. Kinachoruhusiwa ni kulipa kwa awamu, na ofisi nyingi zitakubali ukizungumza nazo mapema.

Kwa asiye na kitu kabisa, afisa wa leba halipishwi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda idara ya taifa ya kazi hiyo, na Kituo Cha Sheria, kilichoanza mwaka 1973, kina ofisi Mombasa. Kama mshahara wako haukuzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, kesi inaweza kusikilizwa na hakimu aliye karibu nawe, bila kupanda hadi kwa jaji. Na unaweza kujisimamia mwenyewe, wengi hufanya hivyo. Fika rejista asubuhi na mapema, na nakala tatu za kila karatasi: ya mahakama, ya mwajiri na yako.