Gobi au lochi? Tazama mgongo, kisha tumbo

Ukianza kufuga samaki wa tangini, jina lililobandikwa kwenye kioo dukani lichukulie kama tetesi. Samaki huletwa wamechanganyika, na yeyote mwembamba anayekaa chini huitwa gobi au lochi, basi, ingawa hayo ni makundi mawili tofauti ya samaki. Rangi nayo usiitegemee, maana safari humpausha samaki.

Mimi huanza na mgongo. Gobi ana mapezi mawili ya mgongoni yaliyoachana. Lochi ana moja. Ila gobi akiogopa hulilaza lile la mbele hadi lisionekane, kwa hiyo usigonge kioo halafu ukakata shauri. Mwache atulie.

Kisha tumbo. Mtie kwenye chombo kidogo cha kioo, subiri ajibandike ubavuni, umtazame kwa nje. Mapezi mawili ya tumboni ya gobi yameungana yakawa kama kikombe kimoja, na utakiona kimegandamana na kioo. Hapa ndipo wageni wengi huteleza: lochi wa vijito vya milimani, kama Sewellia wa Vietnam, naye mapezi yake ya tumboni yameungana, tena hung'ang'ania jiwe kuliko gobi. Rudi mgongoni: pezi ni moja. Chungulia na mdomo: lochi ana sharubu, angalau jozi tatu, hata kama kwa Sewellia ni fupi mno. Gobi wa kawaida wa madukani hana.

Gobi tausi wa Papua New Guinea ana mapezi mawili mgongoni, lakini ya tumboni yameachana. Huyo ni jamaa wa karibu tu wa gobi.

Na sisi tunao wa kwetu. Eretmodus, wa ufuko wenye mawe wa Ziwa Tanganyika, husafirishwa nje kwa jina la gobi, kwa vile kibofu chake cha hewa ni kidogo na hurukaruka chini badala ya kuelea. Lakini si gobi: ni ukoo mmoja na perege. Pezi lake la mgongoni ni moja, refu, lenye miiba mingi.

Lochi mwenye mistari mitatu myeusi, Chromobotia wa Sumatra na Borneo, ana mwiba chini ya jicho anaouchomoza akikamatwa. Hunasa kwenye wavu, hivyo mteke kwa kikombe. Dukani ana urefu wa kidole, lakini anaweza kufika sentimita 30. Pima tangi lako kabla hujalipa.