Ukija Sulawesi kusoma, anza na bahari

Wengi wanaokuja huku kusoma au kufanya utafiti huwa wameisoma Indonesia, hawajaisoma Sulawesi. Wanaijua Jakarta, wamesikia habari za Bali, kisha wanatua Makassar, mji mkubwa wa kusini, na kuanza kuuliza maswali ya Java. Mimi nilikuja kwa shahada ya uzamili, nikabaki nikifanya kazi na wakulima wa mwani, kwa hiyo maelezo yangu yanaegemea kusini mwa kisiwa na pwani yake. Anayekuja kusomea uhandisi au udaktari achukue linalomfaa, mengine ayaache.

Shika ramani kwanza, na uikazie macho kabla ya kufungua kitabu chochote. Sulawesi ina rasi nne ndefu zilizotawanyika kama mikono ya pweza, katikati ni milima, na baina ya rasi hizo zimeingia ghuba tatu: Tomini, Tolo na Bone. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 175,000, chini kidogo ya theluthi ya Kenya, na wakazi ni kama milioni 20 katika mikoa sita. Lakini tarakimu hizo hazitakwambia kilicho muhimu. Kutoka Makassar hadi Manado, mji wa ncha ya kaskazini, ndege haifikishi saa mbili. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,500 za kona na milima. Kwa karne nyingi watu wa rasi moja hawakuwa na haja kubwa na watu wa rasi nyingine. Watu wa Manado walitazamana na Ternate na Ufilipino. Wamandar wa magharibi walivuka mlango wa bahari kwenda Kalimantan. Wabuton walikwenda Maluku, na Makassar ilifanya biashara na yeyote aliyeleta chombo. Basi ukifika kijiji chochote cha pwani, kabla ya kuuliza barabara inaelekea wapi, uliza vyombo vyao vilikuwa vikienda wapi. Jibu litakueleza dini yao, vyakula vyao na hata jamaa zao wako wapi leo.

Kuna jambo la mvua ambalo wageni hulipuuza halafu linawaharibia ratiba. Rasi ya kusini imegawanywa na milima, na ule wa kusini kabisa, Lompobattang, una mita 2,871. Upande wa Makassar mvua kubwa hunyesha Desemba hadi Februari. Upande wa pili, Bone na Sinjai, mvua zake hukolea kati ya Aprili na Julai, wakati Makassar inaanza kukauka. Ukipanga kazi ya uwandani kwa kalenda moja ya "kiangazi cha Sulawesi", nusu ya safari zako zitakuwa za matope. Bonde la Palu, katikati ya kisiwa, nalo ni miongoni mwa sehemu kavu kabisa za Indonesia. Msimamizi anayeishi mjini anaweza asikukumbushe, kwa kuwa kwake ni jambo la kawaida.

Kwa historia, usianze na Waholanzi. Anza na ufalme wa pacha wa Gowa na Tallo, ambao watawala wake walisilimu mwaka 1605 na kuigeuza Makassar kuwa bandari huria ya karafuu, kungumanga na mchele. Wareno walifanya biashara hapa, Waingereza pia, na Wadenmarki, na Wachina. Waholanzi walipodai wauziwe wao peke yao, Sultani Alauddin anakumbukwa kuwa alikataa kwa hoja kwamba Mungu aliwagawia watu ardhi, bali bahari aliwapa wote kwa pamoja. Vita vilikuja baadaye, chini ya mjukuu wake Sultani Hasanuddin. Mkataba wa Bungaya ukatiwa saini Novemba 1667, na ngome ya Somba Opu ikaanguka mwaka 1669. Ngome nyingine, Ujung Pandang, ikabadilishwa jina kuwa Rotterdam, na mpaka leo iko pale karibu na ufuo wa Losari.

Hapo sasa kuwa mwangalifu. Aliyewasaidia Waholanzi kuishinda Gowa ni Arung Palakka, mwana wa kifalme wa Kibugi kutoka eneo la Bone, ambaye watu wake walikuwa wameteswa na kulazimishwa kazi na Gowa. Chuo kikuu kikubwa cha Makassar na uwanja wa ndege vinaitwa Hasanuddin, shujaa wa taifa tangu 1973. Ukienda Bone, Arung Palakka ndiye mkombozi. Mgeni akisimama mbele ya darasa lenye Wamakassar na Wabugi akamtaja mmoja kuwa msaliti, atasikia kimya tu, na kimya hicho si cha kukubaliana naye. Maoni yangu ni kwamba suala hilo lisomwe kama siasa za hapahapa zilizomtumia mgeni na kutumiwa naye. Anayeujua mgogoro wa koo za kifalme za pwani yetu ya Afrika Mashariki na jinsi Omani na Ureno zilivyoingizwa katikati hatashangaa.

Mtu mwingine wa kumfahamu mapema ni Sheikh Yusuf, kwa sababu atakufungulia mazungumzo mengi. Alizaliwa Gowa mwaka 1626, akasoma Uarabuni, akawa mshauri na mkwe wa Sultani wa Banten kule Java. Waholanzi walimkamata, wakampeleka Ceylon (Sri Lanka ya leo), kisha mwaka 1694 wakamhamishia Rasi ya Tumaini Jema pamoja na wafuasi wake. Alifariki huko mwaka 1699, na anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa Uislamu Afrika Kusini. Karibu na Cape Town kuna mtaa unaoitwa Macassar, na kaburi lake huzuriwa huko na hapa Gowa pia. Mwafrika anayelijua jina hilo hukaribishwa kwa namna nyingine kabisa.

Kuhusu watu, utasikia kwanza majina manne ya kusini: Wabugi, Wamakassar, Wamandar na Watoraja. Kaskazini wako Waminahasa, wengi wao Wakristo, na Wagorontalo ambao ni Waislamu. Palu ni kwa Wakaili. Halafu wako Wabajo, watu wa bahari, ambao vijiji vyao vya nguzo majini utavikuta katika ghuba zote. Usikariri orodha tu. Sikiliza nani alihama na kwa nini, maana Wabugi hasa ni watu wa kuhama: utawakuta Kalimantan, Papua, Malaysia na Singapore, na nyumba nzuri kijijini mara nyingi imejengwa kwa fedha ya ng'ambo.

Adabu zinajifunza haraka ukitaka. Ukipita mbele ya wakubwa waliokaa, inama kidogo, shusha mkono wa kulia, sema *tabe'*. Mtu mzima wa Kimakassar, awe dereva wa pete-pete (ndiyo daladala ya huku) au muuza samaki, mwite Daeng. Mwalimu ni Pak au Ibu. Na kile Kiindonesia cha mitaani ulichojifunza kwenye tamthilia za Jakarta kiweke pembeni. Hapa mtu unayemheshimu anaitwa *kita*, na *kau* ni neno la kumtupia rika lako au wa kugombana naye. Heshima huku, *siri'*, ni jambo zito: mwenyeji wako akikualika chakula, hata ukiwa umeshiba, kaa uguse sahani. Bahati nzuri coto Makassar, ule mchuzi wa nyama na matumbo unaoliwa na ketupat (wali uliopikwa ndani ya majani), haumsumbui mtu aliyekulia kwenye supu ya utumbo.

Toraja inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa karibu kila mgeni hutaka kwenda, na wengi hurudi na picha za nyati waliochinjwa tu. Basi la usiku kutoka Makassar hadi Rantepao, mji wa Toraja, ni safari ya zaidi ya kilomita 300 kupanda milima. Watoraja wengi ni Wakristo. Wamisionari wa Kiholanzi waliingia mwaka 1913, miaka michache baada ya jeshi la Kiholanzi kuiteka nyanda ile na kumuua Pong Tiku, kiongozi wa Kitoraja aliyewapinga, mwaka 1907. Mazishi yao, *rambu solo'*, yanaweza kucheleweshwa miezi au miaka mpaka familia ijiandae, na wakati huo marehemu hukaa nyumbani akitajwa kama mgonjwa. Msimu mkubwa ni Julai na Agosti, watoto wa ughaibuni wanaporudi. Usiende mikono mitupu: peleka sukari, kahawa au sigara, vaa nyeusi, na upitie kwa mtu anayejulikana na familia.

Mwanafunzi wa uchumi atazame nyati. Kila nyati anayeletwa na ndugu huandikwa, na ni deni litakalorudishwa siku msiba utakapogeukia upande wa pili. Nyati mwenye mabaka meupe, *saleko*, hufika bei ya mamia ya mamilioni ya rupia. Mishahara ya migodi ya Papua na ya mashamba ya Kalimantan inaishia hapa, inazunguka baina ya familia, inalipa wachinjaji, wajenzi wa vibanda na wauza majani. Wataalamu kadhaa wa nje wameita hali hii ufujaji. Mimi naona ni bima na benki na siasa kwa pamoja, ingawa sikatai kwamba zipo familia changa zinazozama katika madeni.

Nije kwenye mazao, mahali ambapo sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuwa makini. Zanzibar ilipata mche wa karafuu uliotokana na Maluku, jirani wa mashariki wa Sulawesi. Kwa miongo mingi mnunuzi mkubwa wa karafuu ya Unguja na Pemba alikuwa Indonesia yenyewe, kwa ajili ya sigara zake za karafuu, *kretek*. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ikahimiza kupanda kwa wingi, Minahasa na Tolitoli huku Sulawesi zikiwemo. Miti ilipokomaa miaka ya 1980 Indonesia ikajitosheleza, na soko la Zanzibar likaporomoka. Mzee wa Pemba anayekumbuka bei zilivyoanguka na mkulima wa Minahasa aliyejenga nyumba kwa karafuu wanasimulia kisa kimoja. Na mkulima huyo naye alionja uchungu: mwaka 1990 ukaundwa ukiritimba wa karafuu mikononi mwa mtoto wa Rais Suharto, bei ya shambani ikadidimia, na haukuvunjwa mpaka 1998.

Kakao ilipanda kwa njia tofauti. Haikuletwa na mashamba makubwa, ilisambazwa na wakulima wadogo, wengi wao Wabugi waliotoka vibarua Sabah, Malaysia, na kurudi na mbegu na ujuzi. Rupia ilipoanguka mwaka 1998, mji wa Jakarta ulilia huku wakulima wa kakao wakinunua pikipiki, maana zao lao huuzwa kwa bei ya dola. Baadaye magonjwa na funza wa maganda vikaishambulia miti iliyozeeka. Ukihojiwa na mkulima wa kakao wa Kyela, mwambie akaangalie umri wa miti yake.

Mwani ndio kazi yangu, nitajizuia. Katika wilaya za pwani za Takalar, Jeneponto na Bantaeng, kamba huelea maji ya kina zikishikiliwa na chupa za plastiki, wanaume huenda na mashua, na wanawake hukaa uvunguni mwa nyumba za nguzo wakifunga mbegu kwa malipo ya kila kamba. Zanzibar mwanamke hufunga kwenye vigingi maji yanapokupwa, na zao ni lake. Wataalamu husifu teknolojia ya Sulawesi, na ni kweli inavuna zaidi na inakwepa maji ya moto ya ufukweni. Lakini kabla ya kuipendekeza nyumbani, uliza mashua itakuwa ya nani na fedha itashikwa na nani.

Halafu nikeli. Sorowako ilipata mkataba wa uchimbaji mwaka 1968, karibu na ziwa Matano lenye kina cha mita 590. Morowali, pwani ya Ghuba ya Tolo, ilikuwa vijiji vya wavuvi. Tangu 2013 pamekuwa jiji la viwanda vya kuyeyushia madini, mtaji mwingi ukiwa wa Kichina. Januari 2020 Indonesia ilipiga marufuku kusafirisha nikeli ghafi. Mtanzania atakumbuka zuio la kusafirisha makinikia la 2017, na anayefuatilia mradi wa nikeli wa Kabanga kule Ngara ajue kwamba bei ya nikeli duniani leo inaamuliwa kwa sehemu kubwa hapa. Ukipata nafasi ya kazi au mafunzo Morowali, nenda, ila uliza usalama kabla ya mshahara. Mlipuko wa Desemba 2023 katika kiwanda kimoja uliua watu 21. Umeme wa huko unatokana na makaa ya mawe, na wavuvi watakuonyesha bahari iliyogeuka nyekundu kwa udongo.

Kwa wanaopangiwa Palu: tarehe 28 Septemba 2018 tetemeko la 7.5 lilileta tsunami ndani ya ghuba, na mitaa ya Balaroa na Petobo ikamezwa na ardhi iliyogeuka tope. Zaidi ya watu 4,000 walikufa. Kabla ya kulipia chumba, waulize majirani ardhi ile ilikuwa nini zamani, shamba la mpunga au mwinuko, na njia ya kupandia mlimani iko wapi. Makassar hatari hiyo ni ndogo.

Mwisho, takwimu. Shirika la takwimu la taifa, BPS, huchapisha kila mwaka vitabu vya *Dalam Angka* vya mkoa, wilaya hadi kata, na vinapakuliwa bure. Vitumie, lakini usilinganishe miaka kwa pupa: Gorontalo ilijitenga na Sulawesi Kaskazini mwaka 2000, na Sulawesi Magharibi ikajitenga na Sulawesi Kusini mwaka 2004. Ukiona kakao ya Sulawesi Kusini "imeshuka" ghafla baada ya hapo, sehemu yake ilihamia tu kwenye jedwali la jirani. Kibali cha utafiti kwa mgeni huombwa BRIN, wakala wa taifa wa utafiti, kule Jakarta. Anza kukiomba ukiwa bado nyumbani.