Mikwara ya ulingoni na biashara ya "dawa ya woga"

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni bondia wa ridhaa, nina miaka 20, nakaa Likoni, napigana kilo 60. Mazoezini raundi sita sichoki. Siku ya pigano mambo ni mengine. Mwenzangu akianza kunikodolea macho kwenye mizani na watu wake wakinizomea, moyo waenda mbio, mdomo wakauka, na raundi ya kwanza haijaisha mikono imekuwa mizito kama si yangu. Nimeshapoteza mapigano mawili hivyo. Wenzangu wa maskani wasema nitafune majani ya muguka kidogo kabla ya kupanda. Mwingine ana vidonge vya kutuliza moyo. Na kuna mzee ataka kunifungia kitu mkononi. Nishike lipi? Mwezi ujao napigana ukumbi wa Tononoka, hapa Mombasa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usishike hata moja.

Tuanze na mikono. Pumzi unayo, ndiyo maana mazoezini unamaliza raundi sita. Siku ya pigano, tangu kwenye mizani, umekunja ngumi, mabega yamepanda karibu na masikio na unapumua juujuu kifuani. Msuli ukikazwa saa nzima damu haipiti vizuri ndani yake, kwa hiyo kengele inapogongwa mikono yako tayari imeshafanya kazi ya raundi kadhaa. Ongeza na hili la Mombasa: vijana hukimbia na koti la mvua kwenye joto hili ili kupunguza kilo mbili, hawanywi maji, halafu wanashushia vikombe vitatu vya kahawa tungu. Mwili uliokauka huenda mapigo mbio hata kama mpinzani yuko kwao amelala. Nusu ya unachokiita woga huenda ni kiu. Ukishashuka kwenye mizani, kunywa maji kidogo kidogo mpaka mkojo uwe mweupe, na kahawa iache siku hiyo.

Sasa lile linalonikera. Mabarobaro wamefunzwa kuwa bondia wa kweli haogopi, kwa hiyo anayeogopa ana kasoro, na kasoro lazima iwe na dawa. Hapo ndipo kila mwenye kijaluba anapopata mteja. Tarehe 25 Februari 1964, huko Miami Beach, Marekani, bondia Cassius Clay, ambaye baadaye aliitwa Muhammad Ali, alipima uzani akipiga makelele kama aliyepandwa na pepo. Daktari alipomshika mkono alikuta moyo unakwenda kama mapigo 120 kwa dakika, zaidi ya mara mbili ya kawaida yake, na wengi waliokuwapo waliamini kijana kaingiwa na kiwewe. Usiku ule ule alimpiga Sonny Liston, mtu aliyekuwa akiwamaliza watu kwa kuwatazama tu, hadi Liston akabaki kwenye kiti raundi ya 7 ilipoitwa. Moyo wa Clay ulidunda hasa, lakini miguu na mkono wake wa mbele vilifanya kazi vilivyopangiwa.

Mikwara inataka kukubadilishia mpango, basi. Mtu anayekutolea macho anatarajia moja kati ya mawili: urudi nyuma moja kwa moja hadi kambani, au upandwe na hasira umfuate mbiombio kifua wazi. Yote mawili yanamfaa. Ndiyo maana mkufunzi anayemwambia bondia mwenye hofu "kasirika!" anamfanyia kazi mpinzani. Michael Spinks alipokutana na Mike Tyson mwaka 1988 alikuwa hajawahi kushindwa, na alidumu sekunde 91 tu kabla ya kuangushwa. Buster Douglas alisimama mbele ya Tyson yule yule Tokyo, Februari 1990, akawa anamchomeka mkono wa mbele tangu kengele ya kwanza, na raundi ya 10 Tyson alikuwa sakafuni akitafuta kinga yake ya meno.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwenye mizani na refa anapowaita katikati, mtazame mwenzako kifuani, chini kidogo ya shingo. Hakuna kanuni inayokulazimisha kushindana kukodoleana macho. Chumbani, pasha mwili moto dakika 15 hadi 20, utoke jasho, na umalize si zaidi ya dakika 10 kabla ya kuitwa. Ukipoa ukikaa kwenye benchi unarudi pale pale. Halafu pumua: vuta kwa pua ukihesabu nne, toa kwa mdomo polepole ukihesabu sita, dakika mbili mfululizo. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakoshusha mapigo. Wengi hukosea kwa kuvuta kwa nguvu na kujaza kifua, wakazidi kupata kizunguzungu.

Ndani ya glavu vidole vilegee, ngumi ikazwe pale tu inapogusa, na kila konde litoke na pumzi. Sekunde 30 za mwanzo uwe umezipanga mazoezini, mambo matatu tu: mkono wa mbele mara mbili, hatua kando, mikono irudi usoni. Ukirudi kwenye kona una dakika moja. Mwambie mkufunzi wako asiseme kitu sekunde 15 za mwanzo, upumue kwanza, kisha akupe agizo moja au mawili. Kona zetu nyingi watu watatu hupiga kelele kwa pamoja na bondia hasikii hata mmoja.

Mara mbili kwa wiki, fanyeni igizo la siku yenyewe: mizani, glavu za pigano, wenzako wakizomea kwa nguvu zao zote, lakini ngumi ziwe nusu nguvu. Mwili huzoea kelele kama unavyozoea kukimbia.

Kuhusu muguka: una kathinoni, kichocheo kinachopandisha mapigo na kukausha mdomo. Wewe umelalamikia mapigo na mdomo, nao wanakupa kinachoyaongeza, na usiku wa kuamkia pigano hulali. Isitoshe, kathinoni imepigwa marufuku siku ya mashindano, na ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, wakikupima hutawaambia ni majani tu. Vile vidonge, kama ni propranolol, hushusha moyo hata pale unapouhitaji upande, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua palepale ulingoni. Kama ni bugizi, vile vidonge vya kulevya na kuleta usingizi, ni balaa zaidi: macho yanachelewa kuiona ngumi, na ukiangushwa daktari atakukuta umesinzia, asijue ni dawa au ni damu inayovuja kichwani. Na cha yule mzee, fundo gumu chini ya bendeji ni kinyume cha kanuni, na ukipiga nalo vizuri mfupa wa kwanza kuvunjika unaweza kuwa wa mkono wako.

Lipo jambo jingine hujaliuliza, nalo linawahusu wakufunzi na wazazi kuliko wewe. Kuna kumbi ambako kijana akionekana mwoga hutupiwa mtu mzito wa kilo kumi zaidi ili "atolewe woga". Anatoka amejifunza kufumba macho, na kichwa kimeumia. Wiki inayofuata akisema anaumwa kichwa, taa zinamchoma, hapati usingizi, anaambiwa hofu tu hiyo, panda. Hofu ya pigano huisha pigano likiisha. Kichwa kinachouma hadi kesho yake, kutapika, kusahau raundi iliyopita, mboni moja kubwa kuliko nyingine, hayo hayana uhusiano na ushujaa. Anayetapika, anayesinzia ovyo au mwenye mboni zisizolingana apelekwe hospitali ya Coast General usiku uleule, na asilazwe nyumbani "apumzike". Aliyeangushwa kwa ngumi ya kichwani akashindwa kuendelea, kanuni za ridhaa humweka nje siku 30 kwa uchache, na siku hizo zinahusu pia kupigana mazoezini, hata kama mkufunzi ana pengo la kuziba Tononoka.