Jaji Hajui Kwenu: Ushauri kwa Mwandishi wa Gazeti la Mkoa Anayewania Tuzo

Kila msimu wa tuzo za uandishi unapokaribia, napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa waandishi wa magazeti ya mikoani: "Kaka, sisi wa huku tutaambulia nini mbele ya wale wa magazeti makubwa?" Nimeandikia gazeti la mkoa kwa miaka mingi, nikapeleka kazi zangu kwenye mashindano, nyingine zikashinda na nyingi zikakosa. Baadaye nikaitwa kukaa upande wa pili wa meza, kwenye jopo la majaji. Tangu hapo jibu langu limekuwa fupi: mnaweza kuambulia sana, ila mnajinyima wenyewe kwenye fomu ya kuwasilisha kazi.

Mwandishi wa mkoani anaishi ndani ya habari yake. Shule anayoiandika ndiyo wanayosoma watoto wake, na mkurugenzi anayemkosoa leo watakutana naye kesho msibani. Ukaribu huo unampa habari ambazo mwandishi wa makao makuu hawezi kuzinusa. Lakini siku ya kuwasilisha kazi, ukaribu huohuo unamponza, kwa sababu anasahau kwamba jaji hajui chochote kuhusu huko kwao. Hajui mto upo upande gani, nani anamwogopa nani, wala kwa nini habari ya aya kumi ilitikisa mji mzima.

Tuanze na habari yenyewe, maana fomu nzuri haiokoi habari mbovu.

Ukitaka kujua tuzo zinatafuta nini kwenye magazeti madogo, waangalie walioshinda. Tuzo za Pulitzer za Marekani, zinazosimamiwa na Chuo Kikuu cha Columbia tangu 1917, zina sifa ya kuwapendelea wakubwa, na kwa sehemu ni kweli. Hata hivyo mwaka 1990 mojawapo ya medali mbili za Utumishi kwa Umma ilikwenda kwa Washington Daily News, gazeti dogo la mji wa Washington, North Carolina (si ule mji mkuu). Walikuwa wamefichua kwamba maji ya bomba ya mji wao yana kemikali zinazosababisha saratani, na kwamba serikali ya mtaa ilikaa na jambo hilo miaka minane bila kulitangaza wala kulirekebisha. Uchunguzi ulianzia kwenye maandishi madogo nyuma ya bili ya maji. Bili hiyo ilifika nyumba zote za mji. Mwandishi wa gazeti la taifa asingeletewa bili hiyo mlangoni kwake.

Mfano wa pili naupenda zaidi. Storm Lake Times la jimbo la Iowa lilikuwa likitoka mara mbili kwa wiki, nakala zipatazo 3,000, gazeti la familia. Mwaka 2017 mhariri wake, Art Cullen, alishinda Pulitzer ya uandishi wa tahariri. Mamlaka ya maji ya jiji la Des Moines ilikuwa imezishtaki kaunti zilizo upande mto unakotokea, ikiwemo kaunti ya gazeti hilo, kwa naitreti (kemikali za mbolea) zinazotiririka mtoni kutoka mashambani. Cullen hakuishia kutoa maoni juu ya kesi. Gazeti lilishikilia swali moja: nani analipa mawakili wa kaunti? Wakasukuma mpaka ikajulikana kwamba fedha zilikuwa zikitoka kwa wenye maslahi makubwa ya kilimo. Kumbuka hao ndio walioshika uchumi wa eneo hilo, na gazeti lenyewe linaishi kwa matangazo.

Kwa hiyo ninapoulizwa niandike nini mwaka huu ili nishinde, nasema acha kuiga makala za kitaifa. Kila mwaka jopo hupokea kutoka mikoani makala ndefu kuhusu mabadiliko ya tabianchi, afya ya akili au ajira kwa vijana, zenye nukuu za wataalamu watatu wa mbali na mwananchi mmoja wa kupamba aya ya kwanza. Ni kazi safi, lakini ingeweza kuandikwa na mtu yeyote, popote. Leta habari ambayo, ukitolewa wewe hapo ulipo, isingeandikwa kabisa.

Sasa fomu.

Majaji hawasomi kazi yako wakiwa wametulia na kikombe cha chai. Wana rundo, wana kazi zao nyingine, na ikifika jioni macho yamechoka. Nimeona kurasa zilizopigwa picha kwa simu, pembeni kuna kivuli cha kidole, safu ya mwisho imekatwa. Nimeona kiungo cha tovuti ambacho kikifunguliwa kinaleta ukurasa mtupu kwa sababu gazeti lilibadilisha mfumo wake. Huo uzembe hauhusiani na kipaji, ila unaliudhi jopo kabla halijasoma sentensi ya kwanza. Omba dawati la usanifu wakupe faili halisi la ukurasa siku ileile habari inapotoka, ulihifadhi kwako. Ukisubiri hadi wiki ya mwisho, msanifu atakuwa amehama na kompyuta imefutwa.

Barua ya utangulizi ndiyo inayoharibika zaidi. Wengi huandika hivi: "Makala hii iligusa jamii kwa kiasi kikubwa na kuibua mjadala mpana miongoni mwa wadau." Jaji akimaliza sentensi hiyo hajaongeza hata chembe ya kitu kichwani. Mfikirie mwandishi aliyefuatilia michango ya wazazi iliyopotea kwenye shule moja. Barua yake ingesema: shule hii iko kilomita arobaini kutoka barabara kuu na haijawahi kukaguliwa tangu ijengwe; daftari la michango lilikuwa nyumbani kwa mhasibu, nikalipata kupitia mjumbe wa kamati aliyeondolewa; nililinganisha na stakabadhi za wazazi, moja baada ya nyingine; wiki mbili baada ya habari kutoka, mkaguzi alitumwa; mhasibu alikana, na majibu yake yapo aya ya nane. Hapo hakuna kivumishi hata kimoja cha kujisifu, lakini jaji ameshafika kwenu, ameona ugumu, na amejua kilichobadilika.

Angalia hiyo ya mwisho, kwamba aliyetuhumiwa alikana. Usiogope kuandika upande unaokuumiza. Waandaaji makini, wa Pulitzer wakiwemo, wanataka uwaeleze kama kazi yako imepingwa kwa sababu nzito kuhusu usahihi au haki. Weka barua ya malalamiko waliyokuletea, weka na jibu la gazeti. Jopo likigundua lenyewe kwamba kulikuwa na sahihisho ukurasa wa pili wiki iliyofuata nawe ukanyamaza, kazi hiyo imekwisha, hata iwe nzuri vipi. Wote tunaijua habari ya Janet Cooke wa Washington Post, aliyerudisha Pulitzer mwaka 1981 baada ya kubainika kwamba mtoto aliyemwandika hakuwepo. Majaji wa kila mahali wamelelewa na kivuli hicho. Wakiona chanzo kisicho na jina katika kila aya muhimu wanaanza kuulizana, na wewe haupo chumbani kujibu. Eleza kwenye barua kwa nini jina limefichwa na ni nani mwingine kwenye gazeti anayelijua.

Kuhusu kundi la kushindania, nitasema kwa kifupi: soma maelezo ya kila kundi hadi mwisho. Mara nyingi watu hurundikana kwenye habari za uchunguzi kwa sababu jina lina heshima, wakati kazi yao ingeng'ara kwenye habari za afya, elimu, picha au tahariri, ambako ushindani ni mwepesi na majaji wana njaa ya kitu kizuri. Mashindano mengine yana makundi ya magazeti ya mikoa peke yake; Uingereza kuna mashindano mazima ya namna hiyo. Kama tuzo unayoiwania haina kundi lenu, waandikie waandaaji kupitia chama chenu. Nimeona makundi yakiongezwa kwa maombi ya namna hiyo.

Na jina la mhariri wako liweke kwenye fomu. Mwaka 2015 Pulitzer ya habari za eneo husika ilikwenda kwa Daily Breeze, gazeti la Torrance, California, kwa kufichua ufisadi kwenye wilaya ndogo ya shule (mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo fulani) isiyo na fedha, ambako mkuu wake alikuwa akijilipa kupita kiasi. Majina yaliyotajwa yalikuwa matatu: Rob Kuznia, Rebecca Kimitch na Frank Suraci. Suraci alikuwa mhariri wao. Kwenye magazeti yetu madogo, mhariri ndiye aliyekupa siku nne za kutotoa habari nyingine, huku kurasa zikimkodolea macho tupu. Ukipanda jukwaani peke yako, mwaka ujao hutazipata siku hizo.

Kuna jambo lisilosemwa sana: si kila tuzo ni tuzo. Zipo zinazojiita za kimataifa, zinazokutumia barua pepe kwamba umeteuliwa kabla hujapeleka kitu, kisha unaombwa ulipie meza ya chakula cha jioni na ngao yenye jina lako. Hiyo ni biashara. Ada ndogo ya kuingia si tatizo, hata Pulitzer wanayo. Tatizo ni pale ambapo kila anayelipa anashinda. Uliza majaji ni nani na kanuni zimechapishwa wapi, kisha tafuta walioshinda mwaka jana na kazi zao zisome. Ukikosa majibu, fedha zako zitumie kwa nauli ya kufuatilia habari.

Tuzo za wafadhili zinahitaji jicho la aina nyingine. Kampuni ya mbolea ikidhamini makala bora ya kilimo, sioni ubaya kushiriki, mradi jopo liko huru na wewe huanzi kuandika makala za kuipendeza miezi sita kabla. Mimi nina msimamo mkali kidogo hapa: kama mfadhili ni mtu au taasisi unayoiandika mara kwa mara, kaa pembeni. Msomaji wako hatajua jopo lilikuwa huru. Atakachoona ni picha yako ukishika hundi kubwa ya karatasi ngumu mkiwa mmekumbatiana.

Ukishinda, utapongezwa sana, na pengine mshahara utabaki palepale. Kuznia, yule wa Daily Breeze, alipotangazwa mshindi alikuwa ameshaacha uandishi na kuingia kwenye kazi ya uhusiano wa umma, maana kipato cha gazeti hakikumtosha. Eric Eyre wa Charleston Gazette-Mail, West Virginia, alishinda mwaka 2017 kwa habari iliyoonyesha kwamba kampuni za dawa zilimwaga vidonge milioni 780 vya kutuliza maumivu kwenye jimbo hilo ndani ya miaka sita, huku watu 1,728 wakifa kwa kuzidisha dozi. Kwenye mji mmoja wa watu 392 duka moja la dawa lilipokea karibu vidonge milioni tisa kwa miaka miwili. Ili kuzipata nyaraka, gazeti lilikuwa limepigania hata mahakamani zifunguliwe. Januari 2018, miezi michache baada ya tuzo, gazeti hilo likaomba kinga ya kufilisika, yaani ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaolidai. Basi usiende kwa mwenye gazeti na cheti ukitegemea nyongeza. Nenda nacho kuomba kitu mahususi: muda wa uchunguzi unaofuata, wakili wa kupitia habari kabla haijatoka, au gari siku mbili kwa mwezi. Wiki ile ya pongezi, mwenye gazeti akiwa bado anasambaza picha yenu kwa marafiki zake, ndiyo wiki ya kuomba.

La mwisho ni watu uliowaandika. Kazi ikishinda inasomwa upya, safari hii na watu wengi zaidi, na sherehe zenyewe huonyesha picha kwenye skrini kubwa. Mama aliyekubali picha yake itoke kwenye gazeti la mkoa hakukubali iende kwenye televisheni ya taifa. Yule mjumbe wa kamati aliyekupa daftari alidhani mambo yamepoa. Kabla hujawasilisha kazi mpigie kila mmoja, mweleze unaipeleka wapi na nini kinaweza kutokea, na umuulize kama yuko tayari. Akisita, ongea na waandaaji: wanaweza kutumia picha nyingine, au kutaja kazi bila kumwonyesha mtu. Akikataa kabisa, usiipeleke. Na yule unayemfichia jina, usimpigie kwa simu ya ofisini.