Msimulizi wako anachukiza? Usimpe mama mgonjwa

Ujumbe uliokuja wiki hii ni wa mwandishi mwenye riwaya ya kuchekesha mkononi. Msimulizi wake ni dalali wa nyumba: mwongo, bahili, anawadharau wapangaji, na hadithi nzima anaisimulia mwenyewe kwa "mimi". Mswada kawapa watu watano. Wanne wamerudi na neno moja: anachukiza. Sasa anauliza kama amlainishe, pengine ampe mama mgonjwa kijijini anayetumiwa hela ya dawa kila mwezi, ili wasomaji wamwonee huruma.

Usimpe mama mgonjwa. Mama huyo akiingia ukurasa wa 60 kumsafisha mtu aliyechafuka tangu ukurasa wa kwanza, msomaji anainusa dawa palepale, na kuanzia hapo hamwamini dalali wala wewe.

"Anachukiza" ni neno pana mno. Lipasue kwanza kabla hujagusa sentensi hata moja. Kuna anayelisema akiwa amemaliza kurasa 240 kwa siku mbili. Huyo kakusifu, mshukuru ukalale. Kuna anayelisema kwa sababu aliishia njiani na anaona haya kukwambia kuwa alichoka. Halafu kuna aliyemaliza, akafunga mswada, akaanza kukutazama wewe kwa jicho la pembeni: hivi na wewe ndivyo unavyowaona wapangaji? Wa kwanza hahitaji dawa. Wawili waliobaki wana dawa tofauti kabisa, na waandishi wengi huwapikia chungu kimoja, kisha wanashangaa kitabu kimekuwa uji.

Kuwatenganisha si kazi kubwa. Chapisha mswada kwenye karatasi, pambizo ya kulia iwe sentimita tatu au nne. Mpe kila msomaji penseli na kazi mbili tu: aweke tiki pale alipocheka, hata kama ni kutabasamu, na apige mstari pale alipouweka mswada chini, iwe alikwenda kupika, kulala au kupokea simu. Usimwulize kama anampenda msimulizi. Ukiuliza hivyo atakujibu kama yuko kwenye mtihani wa fasihi. Wanaosoma kwenye simu wakupigie skrinishoti. Kisha hamishia alama zote kwenye nakala moja, kila mtu na rangi yake.

Mistari mitatu ikiangukia ndani ya kurasa kumi zilezile, umepata kidonda. Lakini usikate hapo. Rudi nyuma ukaitafute tiki ya mwisho. Msomaji akiacha kucheka huvumilia kwanza, kwa heshima yako, kurasa tano au sita, ndipo anaweka chini. Ugonjwa unakaa kati ya tiki ya mwisho na mstari wa kwanza, na mara nyingi ni huu: ubaya unajirudia. Dalali kamtukana mpangaji wa kwanza, kamtukana wa pili, na wa tatu vilevile. Ubaya usiosogea hauchekeshi. Lazima upande ngazi, au ushuke.

Kushuka hakuna aliyekujua kama Machado de Assis wa Brazil, mjukuu wa watumwa walioachwa huru, katika Memórias Póstumas de Brás Cubas, kitabu kilichotoka mwaka 1881. Msimulizi, Brás, ni tajiri mvivu aliyekwisha kufa, naye anaandika akiwa kaburini. Yuko Ureno ujanani mwake. Punda anamrusha, mguu wa kushoto unanasa kwenye kikuku cha tandiko. Mchunga nyumbu mmoja anaruka, anashika hatamu, anamwokoa roho. Brás ana sarafu tano za dhahabu, anaamua kumpa tatu. Kabla hajazitoa anamtazama: nguo zenyewe za kimaskini, huyu pengine hajawahi kushika hata moja. Basi moja inatosha. Mwisho anampa sarafu ya fedha. Anapanda, anaondoka, anageuka nyuma na kumwona mtu yule bado anainama kushukuru. Akipapasa kizibao anakuta vijisarafu vya shaba, naye anajuta kwamba hivyo ndivyo angempa, kwa kuwa jamaa alifanya tu mazoea ya kazi yake.

Fuata hesabu: dhahabu tatu, dhahabu moja, fedha, shaba. Kila hatua ina sababu, na kila sababu inasikika ya busara kwa nusu dakika. Msomaji anacheka kwa kuwa na yeye amewahi kuipunguza bahshishi ikiwa bado mfukoni. Sura yenyewe ni fupi sana. Kitabu kizima kina sura 160, na hilo nalo ni somo. Mtu mbaya anavumilika akikatizwa mara kwa mara. Sura ya kurasa 25 ndani ya kichwa cha dalali wako ni kumfungia msomaji chooni na mtu asiyemtaka.

Dawa ya yule wa jicho la pembeni ni ngumu zaidi. Anataka kujua kama wewe umesimama mahali tofauti na msimulizi wako. Kosa la kawaida ni kumleta mhusika mwema, sheikh, mwalimu au dada mkubwa, aje amkemee. Mfute. Ushahidi wote utoke kinywani mwa mshtakiwa mwenyewe, tena akidhani anajisifu. Brás anaokota sarafu moja, anaipeleka kwa mkuu wa polisi na kujiona malaika. Baadaye anaokota kifurushi cha fedha nyingi, konto tano za pesa ya Brazil ya enzi hizo, na hicho anabaki nacho. Hela hiyohiyo inakuja kumtuliza bibi mshonaji aliyekubali kuitunza nyumba ambamo Brás anakutana na mke wa mtu. Hakuna anayemhukumu popote. Msomaji anajumlisha mwenyewe.

Na gharama ilipwe na mtu mwenye jina. Utotoni Brás alimpanda mgongoni mtoto mtumwa, Prudêncio, kamba mdomoni kama lijamu. Miaka mingi baadaye anamkuta Prudêncio, sasa huru, akimchapa mtumwa wake mwenyewe hadharani, na Brás akitafakari anaona tukio linafurahisha. Utumwa ulifutwa Brazil mwaka 1888. Fikiria msomaji wa 1881 aliyecheka kitabuni huku kahawa akiletewa na mtumwa.

Kiswahili nacho kina silaha zake, na nashangaa tunaziacha zinaota kutu. Ya kwanza ni ki-. Dalali asiseme "mzee alikuja akalia"; aseme "kizee kilikuja, kikakaa, kikaanza kulilia kodi". Tusi haliko kwenye nomino tu, linatembea na kila kitenzi. Mara moja kwa kurasa tatu nne linachoma. Mara nne kwa ukurasa mmoja linakuwa kelele. Ya pili ni vitenzi vya -ik-, vitenzi vya mwoga: kioo kilivunjika, mkataba ulichanika, hela ya mama yule ikalika. Hakuna aliyevunja, hakuna aliyekula. Mjaze dalali vitenzi hivyo, halafu kurasa mbili mbele mtoto wa mpangaji aulize, "Nani alikivunja?" Hutahitaji sheikh.

Najua mtaniletea Abunuwasi: mbona naye mwongo na tunampenda? Tazama anamdanganya nani. Mwenye sufuria alikubali kwa tamaa yake kwamba sufuria imezaa. Alipoambiwa imekufa, angebisha vipi? Dalali akimtapeli mwenye nyumba kumi, msomaji anapiga makofi. Akimtapeli mama ntilie, kimya. Kwa hiyo ndani ya kurasa 15 za kwanza mpe ushindi mmoja juu ya mwenye nguvu. Msomaji akishazoea kucheka naye, mgeuzie mama ntilie ujanja uleule, kwa maneno yaleyale. Kicheko kitatoka kabla hajakizuia, kisha kitamkwama kooni. Tiki hiyo ikifuatwa na mstari wa kuweka mswada chini, usiguse kitu.

Kitabu kikishatoka, usijibu. Kilipotoka kile cha Brás, Capistrano de Abreu, mwanahistoria, aliuliza kama hiyo ni riwaya kweli. Machado alimwachia marehemu wake ajibu: kwa wengine ndiyo, kwa wengine hapana. Marehemu huyohuyo kwenye utangulizi alijitabiria wasomaji pengine watano. Mwaka 2024 msomaji mmoja wa Marekani, aliyekuwa akisoma kitabu kutoka kila nchi, alirekodi video ya kukisifu na kikapanda kwenye orodha za mauzo za Amazon, miaka 143 baada ya kutoka. Hakuna aliyekuwa amempa Brás mama mgonjwa.

Kwa hiyo leo usiku umsahau mama wa ukurasa wa 60, uchapishe nakala tano, ununue penseli. Na yule wa tano, ambaye hakusema kwamba dalali anachukiza, mwanzie yeye. Huenda hajasoma.