Huyo si mchoyo, mwanangu, huyo anajua hesabu

*Shikamoo shangazi. Mwezi ujao, Julai, tunakwenda Florida, siku tano Disney World na siku moja Universal, zile bustani za burudani: mimi, mume wangu, watoto wetu watatu (miaka 11, 7 na 2) na mama mkwe. Tiketi kanunua mume wangu, na amekodi nyumba yenye jiko huko Kissimmee, kwa hiyo hata raha ya kulala hoteli ya Disney nimeikosa. Mimi nimeweka nafasi ya meza tano kwenye migahawa ya Disney, kila siku mlo mmoja pamoja na watu waliovaa kama Mickey au mabinti wa kifalme. Amekasirika! Anataka tubebe mikate na mayai ya kuchemsha kama watu wanaokwenda shamba. Nikamwambia basi tununue ule mpango wa chakula wa Disney, hataki hata kusikia. Mama yake anamuunga mkono, eti ataamka alfajiri atufungie chakula. Wenzangu kwenye kundi letu la simu walikwenda mwaka jana na picha zao tuliziona wote. Mimi nitaweka picha gani, za yai? Nimechoka na uchoyo huu. Nifanyeje na mwanamume wa namna hii? – Mama wa Watatu*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuchoka, safari ya watu sita humchosha mtu hata kabla begi halijafungwa. Pole yenyewe ndiyo hiyo, sasa tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kwa macho yako, mara ya pili kwa macho ya mumeo. Mara ya pili nilimwona mwanamume aliyenunua tiketi, akakodi nyumba, akamchukua mama yake na watoto wake wote, kisha akaomba kitu kimoja tu: tule kwa akili. Huyo ndiye unayemwita mchoyo. Mchoyo ninayemjua mimi angekwambia Florida kuna joto, tukae nyumbani tuangalie katuni.

Nikatafuta katika barua hiyohiyo sentensi moja inayosema watoto wanataka nini. Sikuiona. Wenzako wa kwenye kundi nimewaona, na picha zao nimeziona. Huyu wa miaka 11 amesema anataka kukumbatiwa na Mickey mezani siku tano mfululizo? Wa miaka 2 amekuomba mabinti wa kifalme? Mtoto wa umri huo akimwona mtu amevaa kichwa kikubwa cha panya anaweza kulia mpaka mkaondoka na chakula hamjakigusa. Meza hizo tano umeziweka kwa ajili ya kundi, mwanangu. Watoto wamepewa kazi ya kukaa kwenye picha.

Haya, tuje kwenye hesabu, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lako silioni. Umeandika watoto watatu kana kwamba wote watatu watalipiwa bei ya mtoto. Disney haiwahesabu hivyo. Chini ya miaka 3 anaingia bila tiketi, na kwenye bufee anakula bila malipo. Miaka 3 mpaka 9 ndiye mtoto. Akifika 10 ni mtu mzima, kwenye tiketi na kwenye bufee, hata kama atakula viazi vya kukaanga tu na kuacha vingine vyote. Kwa hiyo mezani kwako kuna watu wazima wanne na mtoto mmoja.

Tuseme, kwa mfano tu, mlo wa namna hiyo ni dola 60 kwa mtu mzima na 38 kwa mtoto. Hiyo ni dola 278. Ongeza kodi ya mauzo ya pale, asilimia 6.5. Halafu kuna jambo ambalo nadhani wenzako hawakukwambia: meza ya watu sita na kuendelea huongezewa bakshishi ya asilimia 18 moja kwa moja kwenye bili, upende usipende. Nyie ni sita. Umeshapita dola 340 kwa mlo mmoja. Mara tano ni zaidi ya dola 1,700, na siku bado ina milo mingine miwili, maji, na aiskrimu ya umbo la Mickey ambayo kila mtoto ataililia. Bei za kweli hupanda na kushuka kwa mgahawa na kwa tarehe, kwa hiyo fungua programu ya simu ya Disney uweke namba zako mwenyewe. Uziweke mbele ya mumeo, si baada ya safari taarifa ya benki ikishafika.

Kuhusu ule mpango wa chakula, hapo ndipo nilipocheka kidogo, unisamehe. Disney Dining Plan, yaani kulipia milo kabla ya safari, ulioondolewa mwaka 2020 na kurudishwa Januari 2024, huuzwa kwa wageni wanaolala kwenye hoteli za Disney zenyewe. Nyie mnalala Kissimmee. Kwa hiyo mumeo hakukataa, ni mpango wenyewe hauwahusu nyie. Na nina wasiwasi kwamba alikueleza, ila wakati huo macho yako yalikuwa kwenye simu. Hata mngelala hotelini, kila mtu wa miaka 10 na zaidi mwenye kulala chumba hicho lazima alipiwe, kila usiku, akiwa na njaa au ameshiba. Bei yake ya mtu mzima inahesabu pia kinywaji kwa kila mlo, na kinywaji hicho kinaweza kuwa cha pombe. Mkwe wako anakunywa? Kama hanywi, mngekuwa mnalipia glasi ya mtu mwingine. Bakshishi nayo kwa kawaida haimo.

Sasa huyo mama mkwe. Umemwandika kama mpelelezi aliyetumwa kuja kuharibu likizo. Mimi nimeona mwanamke mtu mzima anayejitolea kuamka alfajiri akiwa mapumzikoni ili wajukuu zake wasishinde na njaa kwenye foleni. Mkwe wa aina hiyo wenzako wangemlipia nauli. Ila usimwache apike kila siku kisha wewe ulale. Mayai yachemsheni usiku, mikate ifungeni pamoja, na asubuhi apate muda wa kunywa chai yake ameketi. Naye amekuja likizo.

Na hilo la shamba umelitoa wapi? Disney World yenyewe inaruhusu wageni kuingia na chakula chao. Hawataki chupa za kioo (isipokuwa vile vichupa vidogo vya chakula cha mtoto mchanga), hawataki pombe, hawataki chakula kinachohitaji kupashwa moto, na barafu ya vipande haikubaliwi ndani ya begi, tumieni vile vifuko vya jeli vinavyogandishwa. Begi la kuhifadhia baridi lisizidi sentimita 61 kwa 38 kwa 46. Pale kwenye ukaguzi mseme mna chakula, lifunguliwe, mpite. Utawakuta watu wa kila nchi wana mabegi hayohayo, wamekaa kivulini wanakula, na hakuna anayewapiga picha.

Maji msinunue. Kaunta yoyote ya chakula cha haraka ndani ya bustani inayouza vinywaji vya bomba hutoa kikombe cha maji ya barafu bure ukiomba. Julai ya Florida ni joto la kukausha koo na mvua za radi mchana, familia ya watu sita ikinunua chupa kila inapoona kiu, hapo ndipo wahenga waliposema chovya chovya humaliza buyu la asali. Kila mtu awe na chupa yake tupu, kikombe cha bure kimiminwe humo.

Kifungua kinywa kiwe nyumbani, hilo halina mjadala, jiko mmeshalilipia. Siku ya kwanza mkifika, pitieni duka kubwa kama Publix au Walmart mnunue mikate, maziwa, matunda, siagi ya karanga na vitafunio vya watoto. Msijidanganye kwamba mtarudi kula nyumbani mchana. Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Disney World, kwa mfano, ukishaegesha gari bado unavuka kwa feri au treni ya monoreli ndipo ufike mlangoni. Kwenda Kissimmee na kurudi kutakula saa ambazo mmezilipia tiketi. Hilo nalo ulipime kwenye meza zako tano: kukaa mezani mpaka kila mhusika apite asalimie na apigwe picha ni saa nzima na zaidi, huku foleni za mabembea zikirefuka.

Mlo mmoja kwa siku ununueni humohumo, ndiyo. Msile mikate mpaka mnachukiana. Chakula cha kaunta, mkiagiza kwa simu kupitia programu ya My Disney Experience kabla ya saa sita, wakati watu wengi bado hawajashtuka kwamba wana njaa. Mtu mzima naye anaruhusiwa kuagiza sahani ya mtoto pale kaunta, na kwa wengi inatosha. Siku ya EPCOT, bustani nyingine ya Disney World, ndiyo siku ya kulegeza mkono. Pale kuna mabanda ya nchi 11 kuzunguka ziwa, kila moja na chakula chake. Chukueni sahani moja hapa, moja kule, mgawane sita. Mkwe wako atafurahi kuliko mezani kwa binti mfalme yeyote.

Wewe baba wa watoto hao, najua utasomewa hii, kwa hiyo nawe nisikilize. Siku ya Universal begi lako litakwama mlangoni. Kule hawataki masanduku ya baridi wala chakula cha pikiniki, wanaruhusu maji ya chupa, vitafunio vidogo visivyohitaji kupashwa, chakula cha mtoto mchanga na chakula cha mwenye sharti la kiafya. Siku hiyo panga fedha ya mlo, usije ukabaki getini unabishana na mlinzi huku mkeo anakutazama kwa furaha. Na kila mtoto mkubwa mpe fedha yake kidogo ya siku, yake kabisa, ya aiskrimu au upuuzi wowote. Akiimaliza saa nne asubuhi, shauri yake. Mtoto akinyimwa kila kitu katika bustani ya furaha, atakachokumbuka ni sura yako.

Nirudi kwako, mama. Hili la picha halikuanza na Disney, wala si lako peke yako. Ndoa za siku hizi zina watazamaji. Mtu anaolewa na mume mmoja lakini anaishi na watu thelathini waliomo kwenye simu, na hao thelathini ndio wanaoulizwa tule nini, twende wapi, keki iwe na ghorofa ngapi. Mume akisema hatuna, hajibiwi yeye, wanajibiwa wao. Halafu mwanamke anashangaa kwa nini mwenzake amekuwa bubu. Amekuwa bubu kwa sababu kila akifungua mdomo anashindanishwa na mume wa mtu ambaye hakuna anayejua anadaiwa kiasi gani. Wanaume nao wapo, tena wengi, wanakopa gari ili waegeshe mbele ya harusi. Leo zamu ni yako. Hao wenzako waliokwenda mwaka jana, je, kuna hata mmoja aliyeweka kwenye kundi picha ya bili?

Kama hamu ni ya kumwona Mickey, Mickey anaonekana bila sahani. Pale Magic Kingdom anakutana na watu Town Square Theater, karibu na mlango wa kuingilia, na mabinti wa kifalme wapo Princess Fairytale Hall. Foleni ni ndefu, malipo hakuna zaidi ya tiketi mliyonayo, na picha inatoka ileile. Kundi halitajua kama ulikula yai.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo. Bakiza meza moja, futa nne. Zifute kwenye programu mapema, maana migahawa mingi ya namna hiyo hukata dola 10 kwa kila kichwa usipotokea bila kughairi, na hiyo ni hasara isiyo na hata picha. Hiyo moja iwe ya kifungua kinywa, asubuhi hiyo tu jiko la nyumbani lipumzike, kwa kawaida huwa nafuu kuliko chakula cha jioni. Mpelekee mumeo simu aone umezifuta mwenyewe, bila hotuba.

Na kabla hujagusa kitufe cha kufuta, mwite huyo wa miaka 7 umuulize ni ipi angependa ibaki.