Khanga imekunjwa, jina halisomeki

Wiki hii maswali manne: matatu ya wenye maduka ya mtandaoni, moja la mteja aliyechoka.

Nauza khanga na vitenge kwenye tovuti, niko Dar es Salaam. Picha alinipigia mtaalamu, lakini watu wanaangalia na kuondoka. Tatizo nini?

Nimepita dukani kwako kwa simu, dada. Picha nzuri kweli, ila khanga zote umezikunja kama za kutia sandukuni. Mji hauonekani, pindo limebaki upande mmoja, jina limefichwa kabisa. Nani ananunua khanga bila kusoma jina? Mmoja anatafuta ya kumpelekea mkwewe, mwingine ana jirani anayetaka kumjibu bila kufungua mdomo! Picha ya kwanza iwe ya khanga iliyotandazwa yote, ya pili jina kwa karibu, ya tatu mtu amejifunga. Pigia mlangoni mchana, taa ya ndani inageuza nyekundu kuwa chungwa. Kisha liandike jina hilo chini ya picha, maana kisanduku cha kutafutia kinasoma maandishi tu. Anayeandika "wema hauozi" aikute palepale.

Na nilipoandika "kanga" bila h, duka likanijibu hakuna kitu. Nikajaribu "leso", kama wasemavyo Mombasa, hakuna pia. Mwambie aliyekutengenezea tovuti kwamba maneno yote matatu yalete bidhaa zilezile.

Menyu nayo imenishinda: "Urithi", "Pumzi ya Pwani", "Hadithi Yetu". Mama anayetafuta vitenge vya sare ya harusi aguse wapi? Andika Khanga, Vitenge, Madera, Mitandio. Ushairi uhamie kwenye ukurasa unaoeleza duka lilivyoanza. Pembeni ya bei useme kama ni ya doti au ya kipande, na kitenge ni yadi ngapi.

Wateja wanalalamika duka langu linachelewa kufunguka. Nibadilishe kampuni inayonihifadhia tovuti?

Anza na picha. Iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kufika MB 4, na ukurasa wenye 20 za hivyo ni MB 80. Mteja anakula bando lake kuja kukuangalia wewe. Punguza upana wa picha, zihifadhi kwa WebP, muundo ambao Google waliutoa mwaka 2010. Yale mabango yanayojigeuza juu ya ukurasa yaondoe, ubakize moja. Mtu akitaka kuligusa limeshapita.

Binti yangu ameweka maandishi ya kijivu kwenye nyeupe, anasema ndiyo usasa. Mimi siyasomi. Nani yuko sahihi?

Wewe, mzee wangu. Mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, uitwao WCAG, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Juu ya nyeupe, kijivu cha mwisho kinachopita ni kile ambacho namba yake ya rangi kwenye tovuti ni #767676. Kikififia zaidi ya hapo kinafeli. Mpeleke nje saa saba mchana, ajaribu kusoma bei juani. Mkiwa huko mtazame na vitufe: Apple wanashauri visipungue pointi 44 za skrini kila upande, Android wanasema 48 kwa kipimo chao. Kidole gumba si ncha ya kalamu.

Niliweka viatu kwenye kikapu, nikafika kwenye kulipa, wakanitaka nifungue akaunti, na neno la siri liwe na herufi kubwa, namba na alama. Nikaacha. Kwani mimi ni mvivu?

Hapana, na hauko peke yako. Mwaka 2009 Jared Spool, mtaalamu wa Marekani, alieleza kisa cha duka moja kubwa ambalo hakulitaja. Waliondoa kitufe cha "Jisajili" kabla ya malipo, wakaweka "Endelea" na maelezo mafupi kwamba akaunti si lazima. Walionunua wakaongezeka kwa asilimia 45, na mwaka wa kwanza duka likaingiza dola milioni 300 zaidi.

Kwetu namba ya simu inatosha: ndiyo unayolipia, ndiyo boda atakayopiga akifika mtaani. Gharama ya kumleta huyo boda nayo ionekane tangu kwenye kikapu, isimrukie mtu mwishoni. Nawasema hawa, lakini wanaoandika "bei inbox" ni wabaya zaidi, hao nitawarudia.

Kama bado unavitaka vile viatu, wapigie tu simu.